Kabro Isiyokauka

Kuchagua kabro, vile vitofali vya kutandaza uani, ni kama kuchagua mkwe: utazunguka, utagonga, utauliza imetoka wapi, na mwisho utachukua ile uliyoitamani tangu mlangoni. Waceke alizunguka uwanja wa Ndeti, muuza kabro, pale Kawangware 56 mpaka viatu vyake vikageuka rangi ya simiti. Binti yake Becky alikuwa anaposwa. Watu wa mchumba wangekuja mwisho wa mwezi kwa mazungumzo ya mahari, na mbele ya nyumba hapakuwa na mahali pa kuweka kiti kisizame. Mume wake, Ng'ang'a, alikuwa amempa pesa mkononi na kumwambia neno moja: "Chagua." Kisha akaenda kuwatangazia wazee wenzake kanisani kwamba ploti yake itatandazwa kabro za kiwandani.

"Mama Becky, hii nyekundu ni ya nyumba ya mtu ameomoka," Ndeti alisema, akipangusa vumbi kwa kofia. "Hii ya kijivu ni ya watu wa kawaida. Wewe si wa kawaida."

"Wacha kunipaka mafuta. Hii pesa yangu inafika wapi na nyekundu?"

Ndeti alipiga hesabu kwa macho. "Inafika kwa ngazi."

"Na choo? Wageni si wataenda choo?"

Ndeti akacheka, akakuna kidevu. Hapo ndipo Waceke alipoliona lile lundo la nyuma, limefunikwa magunia. Alifunua mwenyewe. Kabro zilikuwa za kijivu kilichoiva, nene, kingo zimelainika kwa kukanyagwa.

"Hizo ni mitumba," Ndeti alisema.

"Hata kabro kuna mitumba?"

"Nairobi hii, mama, hata meno kuna mitumba. Zimetoka Kibera, Gatwekera. Tingatinga lilipita kando ya mto baada ya mafuriko, vijana wakaziokota na mkokoteni. Mwenye kuzitengeneza alizimwaga mojamoja kwa mkono, mbele ya nyumba yake, na hakuiba simiti. Gonga usikie."

Waceke alichukua mbili akazigonganisha, kama wanavyofanya wajuzi. Zililia kama kengele ya Jumapili. Akachukua nyingine, ikalia. Akachukua nyingine tena, na hiyo haikulia. Ilikuwa baridi kuliko wenzake, na alipoirudisha viganja vyake vilikuwa vimelowa.

"Hiyo ilikuwa chini, imeshika umande," Ndeti alisema upesi.

Mbona umande, na jua lilikuwa la Januari, la kupasua midomo? Lakini Waceke hakuuliza. Hesabu yake ilikuwa imekwisha kufika chooni na kurudi, na kubakisha ya mapazia. Akajifuta mikono kwenye sketi akasema pakieni.

* * *

Fundi alikuwa Walubengo, mpangaji wao wa vyumba vya mabati vya nyuma, mtu wa Magharibi, mpole wa kuudhi. Alisawazisha udongo, akamwaga vumbi la mawe la kwari, akavuta kamba, akaanza kupanga. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipofika karibu na ngazi za mlangoni. Hapo akasimama na kabro mkononi, akaita.

"Mama, njoo uone hii."

Juu ya ile kabro palikuwa na unyayo wa mtoto, mguu wa kushoto. Vidole vilikuwa vimejipanga vizuri, na kidole gumba kimebonyea zaidi, kama cha mtoto aliyekuwa akijizuia asiteleze. Alikuwa ameikanyaga simiti mbichi, na mtengenezaji akauacha unyayo hivyo hivyo ukauke.

Moyo wa Waceke ulishtuka, lakini si kwa huruma. Aliona jinsi Ng'ang'a atakavyoinama, jinsi atakavyouliza tangu lini mashine ya kiwandani ikawa na mtoto.

"Igeuze," alisema. "Uso uangalie chini."

"Mama, kwetu hatufuniki unyayo wa mtu. Si ni afadhali tuiweke tu kando?"

"Kwenu ni kwenu, Walubengo. Hapa ni kwa Ng'ang'a. Na hesabu imetosha kwa shida tu, ukitoa moja tutabaki na shimo."

Walubengo hakubishana. Mpangaji habishani na mwenye ploti mpaka siku anayohama. Aliigeuza, akaigonga kwa nyundo ya mpira, akamwaga vumbi kwenye nyufa. Jioni Ng'ang'a alirudi, akavua buti la tope getini kana kwamba anaingia kanisani, akatembea kutoka geti hadi choo na kurudi.

"Za kiwandani?"

"Za kiwandani," Waceke alisema.

"Unaona sasa?" Ng'ang'a alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu maneno ya mahari yaanze. "Mtu akitumwa na akili, anafanya kitu ya maana." Waceke alifurahi sana, na furaha hiyo ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

* * *

Asubuhi alitoka kwenda kuchukua maziwa. Uwanja mzima ulikuwa mkavu, mweupe, kama sinia lililopanguswa. Karibu na ngazi tu ndipo palipokuwa na doa jeusi la maji. Waceke alisogea. Kabro ilikuwa imegeuka, uso juu, na ule unyayo umejaa maji mpaka kwenye vidole.

Kutoka hapo zilianza nyayo. Ndogo, mbichi, zikiambaa juu ya kabro moja hadi nyingine mpaka getini. Zilikoma pale geti lilipofungwa, na ya mwisho ilikuwa imelibana bati kwa vidole, kama ya mtu anayechungulia. Zote zilikuwa za mguu wa kushoto.

Waceke alichukua tambara akazipangusa, akipiga magoti, upesi upesi, kabla mtu hajaamka. Kisha akaenda kumgongea Walubengo.

"Nani amekutuma kuchezea kazi yangu?"

"Mimi, mama? Mimi nilikuwa nimelala."

Waliigeuza tena, safari hii kwa simiti nzito. Asubuhi iliyofuata ilikuwa uso juu, imejaa maji, na simiti ya pembeni haikuwa na ufa hata wa unywele. Walubengo aliitazama kwa muda mrefu, akakunja kamba yake, akasema, "Mama, hiyo mimi sigusi tena. Nyingine zote nitagusa." Akaenda zake.

Ng'ang'a hakuona unyayo, aliona maji tu, akasema ni bomba. Kwa Ng'ang'a kila kitu kilikuwa bomba. Hata Becky alipokuwa akilia utotoni alisema huenda ni bomba. Akaita mtu wa mabomba, wakang'oa kabro za pembeni, wakachimba. Chini kulikuwa kukavu kama unga wa ugali. Yule mtu wa mabomba alishika vumbi, akaliachia lipeperuke, akapandisha mabega. Wakafukia. Waceke aliweka juu ya ile kabro zulia la kupangusia miguu, jipya, lenye maneno ya kukaribisha wageni.

Yote hayo angeyavumilia, lakini mbwa je? Walikuwa na mbwa mkali, aliyewahi kuchana suruali ya mkusanyaji wa takataka. Sasa alikuwa analala kando ya lile zulia mchana kutwa. Mara nyingine alinyanyuka ghafla, akatikisa mkia, akatembea polepole hadi getini huku ameinua kichwa kidogo tu, kama anavyomtazama mtu mfupi.

"Mathe," Becky alisema siku moja dirishani. "Huyu mbwa anacheza na nani?"

"Anacheza na nzi. Enda upige pasi."

"Hakuna nzi, Mathe. Haki mimi naogopa."

Waceke naye aliogopa. Aliogopa mchana kweupe, redio ikiimba na majirani wakigombania maji, na hakuwa na wa kumwambia. Angemwambiaje Ng'ang'a mwisho bila kumwambia mwanzo? Mficha uchi hazai, wanasema, lakini anayesema hivyo hajawahi kuwa na wakwe mlangoni.

* * *

Mwanamke yule alikuwa akisimama nje ya geti tangu kabro zilipoletwa. Alikuwa mwembamba, leso imefungwa kiunoni, ndala za rangi mbili tofauti. Hakugonga wala hakuomba. Waceke alimchukulia kuwa ni mmoja wa wanawake wanaotoka Kibera kutafuta nguo za kufua, na siku mbili kabla ya wageni alimfungulia.

"Unatafuta kazi?"

Mwanamke alimtazama, kisha akatazama chini, kwenye uwanja. "Ndio, mama."

"Unaweza kusugua hizi kabro zing'ae? Wageni wanakuja Jumamosi. Lakini usugue vizuri, si kupapasapapasa. Nyinyi mkilipwa mnakimbia."

"Nitasugua."

Alisema anaitwa Nasipwondi. Alichukua ndoo na brashi, akapiga magoti getini, akaanza. Waceke alikuwa amewaona wafuaji wengi, lakini hakuwahi kuona mtu anayesugua hivyo. Hakuruka hata kabro moja. Aliimwagia maji, akaisugua, akaipapasa kwa kiganja kuanzia ukingo hadi ukingo, akaitazama, akahamia ya pili. Chai aliyopewa ilipoa kwenye kikombe kilichovunjika mkono, kile cha wafanyakazi. Mbwa mkali alikuja akamlamba sikio, akalala karibu naye. Jua lilipokuwa limeinama alikuwa amefika ngazini, na Waceke alikuwa amesimama juu ya zulia.

"Sogea kidogo, mama, nioshe hapo."

"Hapo nimeshaosha mwenyewe."

Nasipwondi alikaa juu ya visigino vyake, magoti yametoka damu. "Nataka kuona tu."

"Kuona nini? Umekuja kusugua ama kupeleleza nyumba ya watu?"

Ndipo akasema. Alisema bila kulia, kama mtu aliyeyasema mahali pengi na kufukuzwa.

"Hizi kabro alitengeneza bwanangu. Kwa mlango wetu, Gatwekera, ndio tusikanyage tope. Kijana wetu Murunga alikimbia akakanyaga moja kabla ishike. Babake akacheka, akasema wacha, hiyo ndio ya kwake. Halafu mvua ikakuja. Mto uliingia ndani ya nyumba, mama. Nilimshika mkono, nikabaki na shati. Hatukumpata. Tulitafuta mpaka watu wakachoka na sisi. Nikawa nakaa pale nimeweka mkono kwa ile kabro, kila siku. Halafu tingatinga likakuja, nikiwa nimeenda kazi. Kurudi, mahali ni plain, hakuna hata mlango, nikaulizia mkokoteni mpaka nikafika kwa geti yako."

Waceke alikanyaga zulia kwa miguu yote miwili.

"Nyumbani, Magharibi, wazee wamesema mtoto hawezi kukaa kwa maji. Azikwe. Kwetu mtu akipotea na maji, mgomba ndio unazikwa. Nikakataa. Mtoto wangu si ndizi. Wakasema basi lete kitu yake. Nguo zote zilienda. Sina picha. Kuna hiyo mguu tu. Babake ametangulia nyumbani, kaburi linachimbwa Jumamosi, na Jumapili ndio mwisho, kwa sababu kaburi haliwezi lala wazi tena. Likilala wazi linaita mwingine. Nisipofika nayo, watazika mgomba. Mama, niko na mtoto mwingine mmoja tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Waceke alikuwa mzazi. Lakini juu ya huo uchungu ukaja uso wa Ng'ang'a, ukaja umati wa wakwe na shimo mbele ya ngazi, ukaja mdomo wa kila mwanamke wa kanisani: Mama Becky alitandika wageni mitumba ya Kibera, na bwana yake akijigamba. Na hapo hapo, chini ya miguu yake, zulia lilianza kulowa. Maji yalipenya kwenye ndala, yakafika kwenye nyayo zake, yakapita katikati ya vidole.

"Hakuna kitu kama hiyo hapa," alisema.

Nasipwondi alimtazama usoni, akatazama miguu yake. Kisha akanyanyuka, akamwaga maji ya ndoo kwa uangalifu kando ya ukuta. Pesa aliyonyooshewa hakuipokea.

"Sijamaliza kazi, mama. Kuna moja bado." Alifika getini, akageuka. "Ukiiona, niko Gatwekera, karibu na daraja. Uliza Mama Murunga. Basi la kwenda nyumbani linatoka Jumamosi jioni."

* * *

Jumamosi hema lilisimama, viti vikavikwa vitambaa vyeupe, masufuria yakatokota nyuma. Wakwe walifika kwa heshima, mashemeji wakiwa wamebeba makreti ya soda. Kama ilivyo desturi, geti lilikuwa limefungwa. Wanawake wa huko nje waliimba kuomba kufunguliwa, wanawake wa ndani wakaimba kuwakatalia, vicheko vikapaa juu ya mabati mpaka wapangaji wakatoka kutazama. Hatimaye Ng'ang'a mwenyewe, ndani ya suti ya kanisani, alivuta komeo. Wageni wakaingia wakicheza, viatu vikilia juu ya kabro safi. Mbwa alipenya katikati ya miguu yao, akatoka nje mbio akitikisa mkia.

Shangazi wa bwana harusi, mama mnene aitwaye Waithira, ndiye aliyekuwa msemaji wa wanawake. Alipoketishwa alitazama uwanja, akasifu. "Ng'ang'a, hapa mmetengeneza. Mtu anaweza kula chini."

"Za kiwandani," Ng'ang'a alijibu, na Waceke akainamisha kichwa juu ya sinia la mandazi.

Wazee walikuwa wamesimama kwa ajili ya sala ya kufungua Waithira alipoinua mkono. "Ngojeni kidogo. Huyu mtoto ni wa nani?"

"Mtoto gani?"

"Aliyepita hapa miguu mitupu. Amelowa, atashikwa na homa." Alionyesha kwa kidole. Kutoka kwenye zulia la mlangoni nyayo ndogo zilikuwa zimekata katikati ya hema, chini ya viti, kati ya viatu vya wazee, mpaka getini. Hazikukoma getini safari hii. Zilitoka nje.

"Ametoka barabarani!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Pikipiki zitamgonga!"

Kila mama alinyanyuka. Sala iliachwa hewani. Wengine walikimbilia nje, wengine wakaita majina ya watoto wao, wengine wakainua vitambaa vya meza kuchungulia. Bwana harusi mwenyewe alitoka na soda mkononi. Watoto wote walipatikana, kila mmoja na viatu vyake. Wakarudi mmoja mmoja, wakihema, wakitazamana, wakizitazama zile nyayo zilizokuwa bado mbichi chini ya jua la mchana.

"Zote ni za mguu mmoja," Waithira alisema polepole.

Waceke aliweka sinia chini. Alisikia sauti yake kama ya mtu wa nyumba ya pili.

"Msitafute. Namjua ni wa nani." Akamgeukia mumewe. "Baba Becky, hizi kabro si za kiwandani. Zilitolewa Kibera, kwa mlango wa mtu. Mtoto wao alienda na maji. Mama yake alikuja hapa juzi, akapiga magoti mchana mzima akitafuta, na mimi nikasimama juu ya mtoto wake nikamwambia hayuko."

Ng'ang'a alifungua mdomo. Watu wa kanisani walikuwa pale, wakwe walikuwa pale. Shingo yake ilikuwa imevimba juu ya tai. "Hayo tutaongea wageni wakienda," alisema kwa sauti ya chini.

"Wageni wakienda, basi la mama yake litakuwa limeenda."

Alivuta zulia, akapiga magoti na nguo yake ya kitenge iliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Alitafuta kitu cha kukongolea, akakosa, akatia vidole kwenye ufa. Alitarajia kuhangaika na ile simiti nzito. Ilitoka kama jino bovu la mtoto, yenyewe, bila damu. Hakuna aliyemsaidia isipokuwa Becky, aliyevua leso ya mabegani, iliyowekwa na mashangazi, akampa. Waceke aliinama, akaiweka kabro mgongoni, na binti akamfunga kifuani.

"Ukitoka kwa hiyo geti na wageni wangu wamekaa—" Ng'ang'a alianza.

"Mwache aende," Waithira alisema. "Sisi tulikuja kutafuta mke. Hatukuja kukagua kabro." Lakini hakucheka, na viti vya karibu na lile shimo vilikuwa vimeanza kusogezwa.

* * *

Alitembea, kwa kuwa hakuwa amebeba pochi wala simu. Alipita katikati ya mtaa wa Kongo, akateremka, akavuka barabara kubwa, watu wakigeuka kumtazama mama wa makamo aliyevaa nguo ya sherehe na mzigo mgongoni. Mbwa, aliyekuwa akimngoja nje ya geti, alitembea mbele yake. Kila mara alikuwa akisimama, akageuka, akatazama juu ya bega la Waceke, akatikisa mkia, akaendelea. Mwanzoni kabro ilimkata uti wa mgongo kwa ukingo wake. Alipofika Kibera haikumkata tena. Ilikuwa imekaa vizuri, uzito umelegea upande mmoja kama watoto wanavyolegea wakishikwa na usingizi, na mikono yake, bila yeye kuiagiza, ilikuwa imekwenda nyuma kuishikilia kwa chini.

Aliuliza Mama Murunga, akaelekezwa daraja. Nasipwondi alikuwa ameketi juu ya mfuko wa nailoni mahali palipokuwa patupu, pakavu, pasipo hata msingi, msichana mdogo amelala mapajani pake. Alipomwona hakusimama. Labda aliogopa kusimama.

"Nisaidie kumshusha," Waceke alisema, akageuza mgongo.

Nasipwondi alimlaza msichana juu ya mfuko, akaja, akafungua leso polepole. Waceke alisikia pumzi yake shingoni. Kisha uzito ukaondoka, na mgongo wake ukahisi baridi ghafla kama wa mtu aliyenyang'anywa.

Kabro ilikuwa kavu. Kavu kabisa, nyepesi ya rangi, na vumbi limekaa ndani ya vidole. Nasipwondi aliweka kiganja chake juu ya ule unyayo, kikaingia chote mle, na akakaa hivyo. Machozi hayakumtoka. Alipoinua macho aliona mgongo wa Waceke, ile nguo ya kitenge, na doa kubwa lililolowa kuanzia kiunoni hadi chini.

"Amekukojolea," alisema.

Waceke alipeleka mkono nyuma. Maji yale yalikuwa na joto.

"Nisamehe," alisema, na ndipo yeye akalia, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakipita darajani na mitungi yao. "Nisamehe, mama. Nilikuwa nimemkanyaga."

"Murunga alikuwa hamkojolei mtu asiyemzoea," Nasipwondi alisema. Akaifunga kabro mgongoni kwa leso yake mwenyewe, akaipiga kofi dogo la kutuliza, akamwamsha msichana, akachukua mfuko. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Jua lilikuwa linashuka na basi halimngoji mtu. "Haya, Murunga. Twende kwenu."

Mbwa aliwasindikiza mpaka mwisho wa daraja, akasimama hapo, akakaa chini.

Waceke alirudi Kawangware kwa miguu. Huko kulikuwa na shimo mbele ya ngazi, na mume aliyeaibishwa mbele ya kanisa lake, na wakwe ambao huenda walikuwa wamekula ama wameondoka na makreti yao. Alijua yote yanamngoja na hakuharakisha. Upepo wa jioni ulimpiga mgongoni pale palipolowa, akavuta leso ya binti yake akapafunika, kwa sababu hakutaka pakauke.